Franco: Mtoto wa muuza maandazi aliyeimba mambo ya mtaani

MTU yeyote aliyewahi kushinda mpakani akisubiri mzigo wake ukaguliwe ameusikia muziki wa Franco, hata kama jina lake halijui. Unapigwa kwenye vibanda vya kubadilishia fedha, kwenye migahawa ya wali na maharage, na ndani ya mabasi madogo ambayo madereva wake wanapenda nyimbo za zamani. Gitaa linaanza taratibu, sauti zinapokezana, halafu sebene linaingia na hata mwenye njaa anaanza kutikisa bega.

Mimi niliucheza muziki huo tangu utotoni bila kujua unasema nini. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, nami nikakulia Kigoma, upande wa Tanzania. Usiku redio za Zaire zilivuka Ziwa Tanganyika kama vile hakuna mpaka, na sisi watoto tuliimba Kilingala cha kubuni, maneno ambayo hayamo katika lugha yoyote duniani.

Maana yake niliipata ukubwani, na aliyenipa ni mfanyabiashara. Mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya kurudi nyumbani, nilikuwa Gatumba, kwenye njia ya kwenda Uvira. Mvua kubwa ilituzuia chini ya kibanda, mimi na mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na marobota ya vitenge. Redio ya jirani ikapiga wimbo wa Mario, nami nikaanza kuimba kwa furaha.

Mama yule alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniuliza kama ninajua ninachokiimba. Nikakiri kwamba sijui. Basi akanieleza wimbo mzima kwa Kiswahili cha Uvira, kipande kwa kipande, mpaka mvua ikakatika.

Siku ile ndipo nilipofahamu kwamba kwa miaka 20 nilikuwa nikiucheza ugomvi wa watu ndani ya nyumba yao. Tangu hapo nikaanza kuyatafuta maisha ya mtu huyu, kuuliza na kusoma. Leo nayaleta kwako, ndugu msomaji, kwa sababu ni maisha yaliyoanzia sokoni, mahali ambapo wengi wetu tunapata riziki.

Gitaa la makopo

Jina lake la kuzaliwa ni François Luambo Makiadi. Alizaliwa Julai 6, 1938, Sona-Bata, mji mdogo ulio kwenye reli ya kutoka Matadi kwenda Kinshasa. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na Kinshasa ikiitwa Léopoldville. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake aliitwa Hélène Mbonga Makiese.

Familia ilihamia Léopoldville Luambo akiwa bado mdogo. Mji ulikuwa umegawanywa: Wazungu kwao, Waafrika kwao. Huko kwenye mitaa ya Waafrika, mama yake alikuwa akikaanga maandazi na kuyauza katika soko la Ngiri-Ngiri. Watu wa Kinshasa huyaita mikate, kwa hiyo ukienda huko ukaagiza mkate usishangae kuletewa andazi.

Akiwa na umri wa miaka saba hivi, mtoto huyo alijitengenezea gitaa la makopo na nyaya. Alikaa kando ya meza ya mama yake akalipiga ili kuvuta wateja. Wapita njia walisimama kumtazama mtoto, na waliosimama wakanunua. Kwa lugha yetu ya leo, ile ilikuwa matangazo ya biashara.

Hapa naomba niseme jambo langu. Mama yangu naye aliuza maandazi, katika soko la Mwanga pale Kigoma. Nilipoanza sekondari nilikuwa nikizunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya meza yake nikiwa na wenzangu. Wakiniuliza mama anafanya kazi gani, nilijibu kwamba anafanya biashara, kisha nikabadilisha mazungumzo haraka. Mama alifariki mwaka 1999, na sijui kama aliwahi kugundua. Nadhani aligundua.

Luambo hakupewa nafasi ya kuona haya. Baba yake alifariki mwaka 1949, mtoto akiwa bado mdogo, na masomo yakaishia hapo. Soko likawa shule yake. Mtoto anayeshinda kwenye meza ya maandazi husikia mengi: nani ameachwa, nani amepata mke mdogo, nani anakopa bila kulipa, mwenye nyumba gani ameongeza kodi. Watu wazima huongea mbele ya mtoto wakidhani hasikii.

Bahati yake nyingine ilikuwa mpiga gitaa aliyeitwa Paul Ebengo, maarufu kama Dewayon, ambaye alimfundisha gitaa la kweli. Mwaka 1950 mtoto huyo tayari alikuwa akipiga katika kikundi cha Dewayon kilichoitwa Watam, akiwa na umri wa miaka 12 tu.

Jina la Franco

Miaka ile studio za kurekodi muziki mjini Léopoldville zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kigiriki. Mojawapo iliitwa Loningisa. Mwaka 1953 mwanamuziki Henri Bowane, aliyekuwa na sauti kubwa katika studio hiyo, alimsikia kijana wa miaka 15 akipiga gitaa, akamchukua. Ndiye aliyelifupisha jina la François likawa Franco.

Juni 6, 1956, Franco na wenzake, akiwemo Vicky Longomba na Jean Serge Essous, walianzisha bendi. Waliipa jina la baa walimokuwa wakipiga, OK Bar, ya Oscar Kashama. Ndivyo ilivyozaliwa OK Jazz, ambayo baadaye iliitwa TP OK Jazz na ikadumu zaidi ya miaka 30 chini ya kijana huyo wa sokoni.

Mshindani wao mkubwa alikuwa African Jazz ya Joseph Kabasele. Kabasele alikuwa na sauti laini, mavazi ya heshima, na alipendwa sana na Waafrika waliosoma. Franco alikuwa na gitaa zito lililokwaruza sikio, akivuta nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, na aliimba Kilingala cha watu wanaopanda lori. Wasomi walimwona wa chini. Lakini wa chini ndio waliokuwa wengi, nao walimwona wa kwao.

Mwaka 1958 alifungwa kwa makosa ya kuendesha chombo barabarani. Badala ya kumshushia hadhi, kifungo kile kiliongeza mapenzi ya vijana wa mitaani kwake. Alipotoka alipokelewa kama shujaa.

Duka la magari, mgeni asiye na adabu

Sasa nije kwenye jambo ambalo mama wa vitenge alinifungulia. Franco hakusafiri mbali kutafuta cha kuimba. Alikiokota pale pale alipokuwa.

Chukua wimbo wa Azda wa mwaka 1973, ule ambao kila mtu Afrika Mashariki anajua kiitikio chake. Mimi niliucheza kama wimbo wa mapenzi, tena nikiwa nimefumba macho. Kumbe ni tangazo la kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen mjini Kinshasa! Kijana aliyekuwa akiitia wateja meza ya maandazi amekua, sasa anaitia duka la magari, na bara zima linacheza.

Chukua wimbo wa Très Impoli wa mwaka 1984. Ndani yake hakuna mapenzi wala siasa. Ni mgeni asiye na adabu: anayefungua friji ya watu, anayevua viatu sebuleni huku soksi zikinuka. Nani kati yetu hajawahi kumpokea mgeni wa namna hiyo? Nani ana hakika kwamba hajawahi kuwa yeye?

Mwaka huo huo alitoa wimbo wenye jina la barua 12,600, akijifanya kwamba wanawake wa nchi nzima wamemwandikia kulalamika juu ya mawifi na ndugu wa mume. Na mwaka 1985 ukaja Mario, alioimba pamoja na Madilu System. Ni hadithi ya kijana msomi asiyetaka kazi, anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na mwenye mali. Anakula kwake, anavaa kwake, halafu anakuwa na wivu na mkono mwepesi. Mwanamke amechoka, anamtaka aondoke.

Mama wa vitenge aliniambia kwamba wimbo ule ulipotoka, kila mwanamke mfanyabiashara aliyekuwa na mwanamume wa aina hiyo alidhani Franco alikuwa amesimama dirishani kwake akisikiliza. Wengine walikasirika. Wengine walipata ujasiri wa kufunga mlango. Na neno likavuka ziwa: huko Tanzania mwanamume anayelelewa na mwanamke anaitwa marioo, na wengi wanasema limetokana na wimbo huo.

Ukizisikiliza nyimbo hizo utagundua kwamba mara nyingi mwimbaji ni mwanamume, lakini anayelalamika ndani ya wimbo ni mwanamke. Katikati ya wimbo Franco huacha kuimba akaanza kuongea tu, anauliza, anajijibu, anarudia jambo lile lile kama watu wanavyorudia wakiwa na uchungu. Hayo ni mazungumzo ya sokoni yaliyotiwa gitaa. Mteja ananunua andazi la senti chache, anasimama nusu saa anaeleza ya nyumbani kwake.

Lakini haki itendeke. Si nyimbo zote za TP OK Jazz zilikuwa zake. Alikuwa na watunzi wakubwa kama Simaro Lutumba, aliyefariki mwaka 2019, na miaka ya 1980 bendi ilikuwa na watu zaidi ya 30. Tena si wanawake wote waliomwona mtetezi. Wapo waliosema anawatangaza kuwa walaghai na wapenda fedha, na nyimbo zake nyingine zinawapa haki ya kusema hivyo.

Sikio la mtaa, mdomo wa ikulu

Mtu anayeimba yale watu wanayonong'ona lazima siku moja atakutana na serikali. Juni 2, 1966, watu wanne, akiwemo aliyekuwa Waziri Mkuu Évariste Kimba, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya umati mkubwa, miezi michache tu baada ya Mobutu kuchukua madaraka. Baadaye Franco alitoa wimbo wa Luvumbu Ndoki, juu ya mchawi anayewala watu wake mwenyewe. Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja. Serikali iliupiga marufuku.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Mwaka 1971 Mobutu alipoanzisha siasa ya uhalisi, François aliacha jina la ubatizo akawa L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Mwishoni mwa mwaka 1973, mali na biashara za wageni zilipochukuliwa na kugawiwa wazalendo, Franco alipata Mazadis, kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Mwaka 1974, wanamuziki wakubwa wa dunia kama James Brown na B.B. King walipokuja Kinshasa kwa tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, TP OK Jazz ilikuwa jukwaani nao.

Akawa tajiri, na tajiri ana mengi ya kupoteza. Mwaka 1978 alifungwa tena, safari hii kwa nyimbo mbili zilizohukumiwa kuwa chafu, Hélène na Jacky. Alikaa gerezani kama miezi miwili. Hapo sina la kumtetea. Si kila kinachosemwa mtaani kinafaa kuwekwa kwenye santuri, na mtu mwenye sikio kali anatakiwa pia kuwa na kichujio.

Mwaka 1984 aliimba wimbo mrefu wa kumpigia kampeni Mobutu katika uchaguzi ambao hapakuwa na mgombea mwingine. Wakati huo mishahara ilikuwa haitoshi na wanawake walikuwa wakibeba familia nzima kwa meza ndogo za sokoni, meza kama ile ya mama yake. Nimejiuliza mara nyingi kama alipokuwa akiimba wimbo ule alizikumbuka meza hizo.

Wapo wanaosema hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa aliyeishi Zaire ya wakati ule anajua gharama ya kukataa. Wapo wanaosema alijiuza. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Wimbo ule wa kampeni hakuna anayeupiga mpakani siku hizi. Mario unapigwa kila wiki. Watu wamekwisha kuchagua wenyewe.

Wimbo wa kuonya

Mwaka 1987, wakati watu wengi walikuwa bado wanaona aibu hata kulitaja gonjwa, Franco alitoa Attention na Sida. Alizungumza na vijana, na wazazi, na madaktari, na wakubwa wa nchi. Alionya bila mafumbo. Tukumbuke kwamba miaka ile hapakuwa na dawa za kurefusha maisha, na katika miji ya mipakani na kwenye vituo vya malori watu walizikwa huku majirani wakinong'ona juu ya uchawi. Mtu mwenye redio kijijini alimsikiliza Franco kuliko alivyomsikiliza daktari.

Wakati huo afya yake mwenyewe ilikuwa imeanza kudhoofika. Mwili ule mkubwa ulipungua, na uvumi ukazagaa Kinshasa. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza minong'ono ya watu sasa akawa yeye ndiye anayenong'onwa.

Alifariki Oktoba 12, 1989, hospitalini nchini Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Serikali ilitangaza siku nne za maombolezo ya taifa, na akazikwa katika makaburi ya Gombe mjini Kinshasa. Aliacha nyimbo zinazokadiriwa kufikia 1,000 au zaidi. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya Kongo zote mbili. Muziki uliodharauliwa na wasomi wa Léopoldville sasa una cheti.

Mvua ya Gatumba

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, na nyinyi mnaovuka mpaka kila wiki, tuna tabia ya kudhani kwamba mambo yanayostahili kuimbwa au kuandikwa yako kwingine. Yako Ulaya, au yako Kinshasa, au yalikuwa zamani. Foleni ya kugonga mhuri, mama anayegawa kitenge kimoja kwa wateja wawili, kijana wa baiskeli anayesukuma mzigo wa mwenzake, wifi aliyeikuta nyumba yake ina watu wengine baada ya miaka 30: hayo tunayaona ni taabu tu.

Franco aliyaona ni nyimbo. Hakuwa na shule ya muziki na hakumaliza hata shule ya kawaida. Alichokuwa nacho ni masikio ya mtoto aliyekaa karibu na karai la mafuta, akawasikiliza wateja bila kuwacheka. Alipoanza kusikiliza wakubwa zaidi ya wateja, nyimbo zake zilipungua uzito. Alipowarudia wateja, zikarudi.

Nimalizie na mvua ile ya mwaka 2006. Baada ya kunifasiria Mario, mama wa vitenge aliniuliza ninatoka wapi, nimelelewa na nani, na mama yangu alikuwa akifanya kazi gani. Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni, lile la kusema biashara kisha nikabadilisha mazungumzo.

Nikamwambia mama aliuza maandazi, soko la Mwanga, Kigoma, meza ya pili kutoka kwa wauza dagaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema hayo kwa mgeni bila kupunguza sauti.

Mama yule alinitazama kidogo, akaniambia kwamba basi sikuwa na sababu ya kushindwa kumwelewa Franco kwa miaka yote ile. Kisha akajitwisha robota lake, kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na Uvira bado ilikuwa mbali.